Mwalimu wa Zamu, Majengo

Jumapili baada ya magharibi usimpigie shangazi yangu simu, hatashika. Saa hiyo yuko mezani sebuleni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, anaandika azimio la kazi la juma linaloanza kesho yake. Ameandika hivyo tangu 1964, alipopewa darasa lake la kwanza, na mwaka 1999 alipostaafu hakuacha. Sisi watu wa nyumbani tulidhani ni mazoea tu, yatakatika yenyewe, kama mtu anayeendelea kuamka saa kumi na moja wiki ya kwanza ya likizo. Sasa ana miaka 81. Madaftari yamejaza sanduku la bati la marehemu babu, yakajaza la pili la plastiki, na siku hizi yanapangwa juu ya kabati la vyombo, kila moja na mwaka wake kwa wino mwekundu.

Kwa ambaye hajawahi kuwa mwalimu wala kuishi na mmoja: azimio la kazi ni jedwali. Kuna safu ya Juma, kisha Kipindi, Mada, Shabaha, Nyenzo, Asilia yaani marejeleo, na mwisho kabisa Maoni, ambayo mwalimu huijaza baada ya somo kueleza lilivyokwenda. Shabaha nayo ina mtindo wake, lazima ianze na "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze..." Shangazi amebaki na jedwali na mtindo, ila masomo yameondoka na shughuli zake zimeingia mahali pake. Nilimwomba ruhusa ninakili mstari mmoja wa mwaka juzi, akakubali kwa sharti nisiguse hata nukta:

Juma la 3, Jumanne. Mada: Bomba la uani. Shabaha: Kufikia mwisho wa siku, fundi aweze kuziba bomba bila kulipwa mara mbili. Nyenzo: Fundi, subira. Asilia: Fundi aliyekuja Novemba. Maoni: Shabaha haikufikiwa. Fundi alikuja bila spana.

Anaishi Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, katika nyumba aliyojenga babu. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, uani bomba na choo. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika ambao wenyewe waliruhusiwa kujijengea, na paa la kwanza la nyumba hii lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Imamu humwita Mwalimu, na ni haki yake, maana alimfundisha darasa la nne na bado anakumbuka kwamba imamu alikuwa hajui kutofautisha r na l. Mimi humwita Shangazi, na nikikosea sarufi huitwa kwa majina yangu yote matatu.

Watu wa Pwani wakija hucheka Kiswahili cha Nairobi. Shangazi, aliyezaliwa hapahapa na hajui lugha nyingine ya mama, huwasikiliza kwa adabu, huwaongezea chai, kisha huwauliza wingi wa "ua". Wakijibu "maua" anawaambia vizuri, na ua wa nyumba je? Wengi hunyamaza hapo. Jibu ni nyua. Nimeshuhudia mgeni mmoja wa Mombasa akimaliza mahamri yake kimya kabisa baada ya swali hilo.

Nimeandika "alipostaafu" hapo juu, na najua atanipigia mstari. Halipendi neno lile. Alisoma madrasa kabla ya shule, na anasema staafu imetoka kwenye Kiarabu, maana yake kuomba uachiliwe, kuomba usamehewe kazi, na kwamba ni ndugu wa damu wa "afua". Siku ya kuagwa kwake alisimama mbele ya walimu wenzake, akashukuru kwa sufuria, blanketi na saa ya ukutani, kisha akasema: "Mnaniambia nimestaafu. Kustaafu ni kuomba msamaha. Mimi sikumkosea mtu." Watu wakacheka na kupiga makofi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma na soda mkononi, na nilicheka pia. Nitalirudia jambo hili.

Shuleni kuna kitu kinaitwa zamu. Kila juma mwalimu mmoja ndiye wa zamu: anafika wa kwanza, anapiga kengele, anasimamia gwaride, anahesabu waliochelewa, anatuliza ugomvi wa vyooni, anatoka wa mwisho, na Ijumaa anasoma ripoti yake mbele ya shule nzima. Walimu wengi huichukia zamu kama dawa ya minyoo. Yeye alikuwa akiomba za wenzake. Mama mmoja aliyefundisha naye aliniambia kwamba walikuwa wakimuuzia zamu kwa andazi moja, naye alikuwa akiona amewapunja.

Kuhusu utoto wake husimulia machache na kwa mkato. Baba yake alitaka aishie madrasa. Mama yake, muuza vitumbua, alitaka aende shule, na kwa kuwa fedha ya nyumba ilitoka kwenye vitumbua, akaenda shule. Akafanya KAPE, mtihani wa shule za Waafrika wakati wa ukoloni, akapata nafasi ya ualimu, akarudi Nairobi na cheti. Hapo kwa kawaida hunyamaza na kuuliza kama nimekula.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao huueleza kwa urefu, tena bila kuulizwa. Aprili 1954 alikuwa na miaka kumi. Tarehe 24 wanajeshi wa Kiingereza walizingira Nairobi katika operesheni ya kuwasaka Mau Mau waliyoiita Anvil, wakapita mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa vizuizini, na familia nyingi zikapakiwa kwenye malori na kurudishwa mashambani. Pumwani ilichujwa kama mitaa mingine. Madarasa yalipoanza tena, dawati la Shangazi lililokuwa la watu watatu lilikuwa lake peke yake.

Anachokumbuka zaidi ni rejista. Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, aliita majina yote asubuhi ile, kuanzia la kwanza. Aliita jina, akangoja, akatia alama, akaita linalofuata. Yale ya waliochukuliwa aliyaita vilevile, akangoja muda uleule. Kesho yake tena. Aliyaita mpaka muhula ukaisha. "Hakuruka hata moja," Shangazi husema, na huonyesha kwa kidole jinsi kalamu ilivyokuwa ikisimama hewani.

Sasa kufundisha. Miaka yake ya mwanzo kipindi cha Kiswahili kilikuwa kama kiti cha msikitini, yeyote anakalia. Mtihani wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa wa Kiingereza, hesabu, na karatasi moja iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikutahiniwa. Ilipofika muhula wa tatu mwalimu wa hesabu alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Mwalimu, niazime kipindi," kana kwamba anaomba chumvi. Akaazima, hakurudisha. Shangazi aliweka orodha ya vipindi alivyoazimwa, na anadai kuna bwana mmoja ambaye alikwenda kaburini na deni la vipindi arobaini na moja.

Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa, na watoto wakamwagika. Darasa lake lilikaa sakafuni, madirishani, wengine kwenye matofali waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Nchi nzima iliongeza karibu watoto milioni moja kwa mwaka mmoja. Mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembetatu ambazo kila Mkenya wa rika langu akiziota bado anahisi ncha yake kwenye ulimi. Maziwa yalikuwa kazi ya mwalimu wa zamu. Ukihesabu vibaya, mtoto mmoja analia na pakiti moja imepotea njiani kwenda nyumbani kwa mtu mzima. Yeye alikuwa akihesabu anapopokea, akahesabu anapogawa, kisha akahesabu pakiti tupu. Watoto waliotaka kuwapelekea wadogo zao nusu pakiti aliwakatalia kwa sauti kubwa mbele ya watu na kuwageuzia mgongo ili wapite.

Halafu 1985. Mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia, Kiswahili kikawa somo la lazima katika KCPE, mtihani uliochukua nafasi ya CPE, lenye karatasi yake na insha yake ya alama 40. Mlango wa darasa lake ukaanza kubishwa na watu wengine: wazazi waliotaka masomo ya jioni, walimu wakuu waliotaka kujua ngeli ni nini, na yule bwana wa hesabu, ambaye mtoto wake alikuwa hajui kuandika barua rasmi. "Nilimfundisha bure," anasema. "Lakini nilimwambia kila kipindi kinapunguza deni." Mpaka leo akisikia watu wakilalamikia mtaala mpya na makopo na vinyago watoto wanavyoambiwa watengeneze, hutikisa kichwa. Mwaka 1985 alikuwa akipokea watoto na mbao, sindano za kufumia na jogoo. Jogoo mmoja alihudhuria gwaride.

Daftari la 1990 lina ukurasa mmoja uliokunjamana kama uliomwagikiwa maji. Tarehe 7 Julai ilikuwa Jumamosi, Saba Saba, watu walikuwa wamekusudia kukutana uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, na Kamukunji na Majengo ni pua na mdomo. Shangazi alikuwa akisahihisha insha za darasa la saba mlango umefungwa. Moshi wa vitoza machozi ukapita chini ya mlango. Akatia kitambaa kwenye maji, akajifunga usoni, akaendelea kusahihisha. Nilipomuuliza kwa nini hakuacha tu, alinitazama. Madaftari yalikuwa ya kurudishwa Jumatatu.

Sitaki mtu afikiri naandika habari za malaika. Alikuwa akichapa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, yeye tayari yuko nyumbani, na nadhani ilikuwa bahati kwao wote wawili, yeye na marufuku. Miaka sita iliyopita tulikuwa tunapita soko la Gikomba, anatembea mbele yangu kwa hatua zake za gwaride, mwanamume mmoja wa makamo akasimamisha mkokoteni katikati ya njia. Akamwamkia. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, baba." Kisha akasema bila hasira, kama anayemkumbusha mtu deni dogo: "Mwalimu, uliwahi kunichapa kwa kosa la ndugu yangu. Darasa la tano. Nilikwambia si mimi." Mkokoteni ulikuwa umejaa marobota ya mitumba na nyuma watu walikuwa wanapiga mbinja. Akaushika, akaenda zake.

Shangazi hakusema neno mpaka nyumbani. Nikavizia daftari la juma lile, nikaona: Jumatatu, Mada: Yule kijana. Shabaha: Kumtafuta. Nyenzo: Miguu. Maoni: Hayupo. Jumanne vivyo hivyo, Maoni: Hayupo. Alhamisi: Nimempata kwenye maegesho ya mikokoteni. Nimeomba. Amesema ataona.

Mwaka wa kwanza baada ya kuagwa ulikuwa mgumu, kwetu zaidi kuliko kwake. Saa moja u nusu asubuhi alisimama kwenye mlango wa mbele akiwahesabu watoto wa mtaa waliochelewa shule, shule ambayo si yake tena. Alisahihisha risiti za duka. Kadi ya harusi ya binamu yangu aliirudisha kwa mchapishaji mara mbili, na mara ya pili alikuwa sahihi. Saa ya ukutani waliyompa ilikuwa ikichelewa dakika nne, akairudisha dukani na hoja zilizoandikwa.

Pensheni ilichelewa zaidi ya saa. Nilimsindikiza kwenye ofisi fulani mjini mara nisizoweza kuzihesabu. Faili liko juu. Faili limeshuka. Aliye na faili yuko likizo. Njoo wiki ijayo na nakala ya kitambulisho, ile uliyoleta wiki jana haionekani. Wazee walijaa kwenye korido ile, wengine na fimbo, wengine wametoka usiku mashambani. Siku ya tatu Shangazi aliwapanga. Kwa kimo kwanza, halafu akakumbuka hawa si watoto, akawapanga kwa wakati waliofika, akaandika majina kwenye karatasi na kuiweka mezani kwa karani. Karani aliitumia karatasi ile. Juma lililofuata tuliikuta imebandikwa mlangoni kama utaratibu wa ofisi, na kosa moja la tahajia ambalo si lake. Alilisahihisha.

Kuna jambo kubwa kuliko faili. Mgomo wa walimu wa Oktoba 1997, ambao aliushiriki kwa miguu yake, ulizaa makubaliano ya nyongeza ya mishahara kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ikalipwa, zilizofuata zikakwama, na waliostaafu kati ya 1997 na 2007, walimu kama 52,000, pensheni zao zikapigiwa mshahara wa zamani. Walikwenda mahakamani Nakuru, wakashinda mwaka 2008. Kushinda ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine, na wengi wamezikwa katikati ya hivyo viwili. Shangazi huenda kwenye mazishi yao. Anakwenda na kalamu, maana husomewa wasifu wa marehemu na miaka ya utumishi hukosewa.

Januari 2004 mzee Kimani Maruge, miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret, kwa kuwa serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka uliotangulia. Picha yake na kaptura na soksi ndefu ilizunguka dunia. Jirani yetu mmoja, muuza viatu vya mitumba Gikomba, aliiona kwenye televisheni ya kinyozi. Jioni alikuja mlangoni kwa Shangazi na kusema: "Mwalimu, yule mzee ananizidi nini?"

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, barazani, wanawake wanne na ubao uliopakwa rangi upya. Serikali ilipofanya kampeni ya kisomo mwaka 1979 watu waliliita darasa la watu wazima ngumbaru, na neno hilo limebaki na harufu ya kudharau. Wanawake wa barazani hulikataa. Wao huliita kikao, ili waume na wateja wafikiri ni chama. Kwa miaka mitatu walisoma silabi kwa mwendo wa konokono, ba be bi bo bu, wakiitwa nusu ya kipindi na mteja au mtoto.

Mwaka 2007 ikaja M-Pesa na kila kitu kikageuka. Yule muuza viatu alikuwa akimpa kijana mmoja wa kibanda simu amsomee ujumbe wa fedha. Kijana alisoma elfu mbili palipoandikwa elfu tano, akamtolea mbili. Ilichukua miezi kugundulika. Shangazi hakwenda kumfokea kijana. Alifuta ubao wote, akaandika: umepokea, umetuma, salio, ada. Nilikuwepo siku yule mama aliposoma salio lake mwenyewe. Aliishika simu mbali na uso, midomo ikitembea, sa, li, o, kisha namba, kisha akaifunika kwa leso upesi ili jirani aliyekaa karibu naye asione ni kiasi gani. Wote wakacheka. Shangazi aliandika kwenye Maoni: Ameelewa. Anaficha.

Somo lake analolipenda kuliko yote linahusu silabi mbili. Kulitokea ugomvi kati ya mwanakikao mmoja na anayemletea mzigo kutoka Mombasa. Alimwandikia ujumbe kwamba mzigo haukufika, yule bwana akaelewa kwamba anatuhumiwa kuiba, wakatupiana maneno juma zima, na mzigo ulikuwa njiani Mtito Andei. Shangazi akaandika ubaoni haukufika na haujafika, moja juu ya nyingine. "Haukufika, unadai. Haujafika, unangoja." Akawarudisha kila mmoja na mfano wake. Mume hakurudi, mume hajarudi. Hapo kikao kilivurugika kwa dakika kumi kwa sababu ambazo sitaziandika.

Jumamosi si ya kikao. Jumamosi huwachukua watoto wawili au watatu wa majirani, kwa miguu, kupitia Shauri Moyo na kuvuka karibu na soko la Burma, hadi maktaba ya Kaloleni. Ni tawi la McMillan, ile maktaba ya mjini yenye simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa 1931 ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Huwaeleza watoto habari hiyo kila safari, palepale pa kuvukia barabara, wakati wanachotaka wao ni kuangalia magari. Njiani husoma mabango kwa sauti. "Tunauza vitunguu saumu ya jumla." "Gari imeegeshwa kwa hatari ya mwenyewe." Watoto wanatakiwa kutafuta kosa. Wakilipata, kaimati. Muuza vitunguu mmoja amebadilisha bango lake mara tatu na sasa, nadhani kwa makusudi, huacha kosa moja dogo ili watoto wasimame kwake.

Watu huniambia, shangazi yako bado ana nguvu sana, ni nini siri yake, anakula nini? Swali hili linanichosha. Anakula wanachokula wengine, viazi karai na chai yenye sukari ambayo daktari ameikataza. Magoti yanamuuma. Husahau alipoweka funguo na hukumbuka aliyeketi karibu na dirisha mwaka 1971. Mimi naona tu kwamba hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Shuleni Ijumaa jioni unamkabidhi mwenzako kengele na daftari, naye anatia sahihi. Mwaka 1999 walimpa sufuria na saa, lakini hakuna aliyetia sahihi.

Makala yangu ya mwisho, ile ya mafuriko, niliichapa karatasini nimsomee kwa sababu simu inamwumiza macho. Aliibakiza. Juma lililofuata niliikuta mezani: 27 kwa 40, na chini yake kwa wino mwekundu, "Mtiririko mzuri. Methali zimezidi. Umetumia 'kwa kweli' mara tisa, je, kwingine ulikuwa unasema uongo?" Nina miaka 47. Niliiweka kwenye droo ofisini kwangu, na nimeshaitoa mara kadhaa kuhesabu zile tisa. Ni nane.

Mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alimkataza kuinama na kuandika kwa majuma kadhaa, kwa hiyo Jumapili nikawa karani wake. Ananitajia, naandika. Huwa tunaanza na mahudhurio ya kikao. Rejista ina majina kumi na moja siku hizi, yenye namba kwa mpangilio wa walivyojiunga, na wawili wa mwanzo wana msalaba mdogo wa penseli na tarehe, walioaga dunia. Namba nne ni yule muuza viatu. Aliishi kando ya mto. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba za kingo za mito zilibomolewa, naye akaondoka na vyombo kwenye mkokoteni, na simu yake haipatikani tangu wakati ule. Gikomba wengine wanasema yuko Kayole, wengine Kitui kwa mwanawe. Nafasi yake barazani haikaliwi. Ni ile karibu na nguzo.

"Soma," Shangazi akasema.

Nikasoma. Jumanne, waliohudhuria saba. Namba sita ana mgonjwa. Namba nne hakufika.

"Nani amekuambia hakufika?"

"Hakuwepo, Shangazi. Hata Alhamisi. Na mwaka umeshapita."

"Nimekuuliza umeandika nini."

Nikamgeuzia daftari. Jicho moja limefunikwa, akaliinamia karibu kabisa, jambo ambalo amekatazwa, akapapasa mezani mpaka akapata kalamu nyekundu. Akaikata "ku" kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa herufi zile za ubaoni, akaandika "ja".